Mama Nasra, njoo Moro kabla ya mahafali

Shoga angu mama Nasra,

Salamu nyingi. Za Dodoma, za vumbi, za kazi, Nasra hajambo, na baba yake ule mguu umepona au bado anachechemea? Sisi huku wazima kiasi, mvua bado, mama Ester kajifungua tena, wa kike, na mzee wa geti bado ana ile redio. Najua umeninunia kwa kimya changu lakini na wewe ulisema utapiga Idi na Idi ikapita hivyo hivyo, kwa hiyo tumelipana.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu jambo lenyewe refu, na hizi nyumba za walimu unazijua kuta zake, jirani yangu ni yule yule wa Kemia na masikio yake.

Watoto wanaanguka, mama Nasra. Fomu foo. Hawa hawa uliowapokea wewe ukiwa nesi wetu, wakiwa fomu wani wanalia usiku wanataka mama.

Ilianza Alhamisi kwenye prepo ya usiku, foo A, na mimi ndo nilikuwa zamu. Nikasikia dawati linaburuzwa, alafu kishindo, alafu mayowe. Kufika binti yuko chini kati ya madawati, macho kafumba ila kope zinacheza, mkono wa kulia umekakamaa na peni imo ndani, yaani tulijaribu kumtoa ile peni vidole havifunguki, wino umemchora kiganja chote. Wenzake wamemzunguka, mmoja anamwagia maji ya chupa, mwingine anasoma Zaburi kwa sauti, wengine wanalia tu. Sijamaliza kumlaza ubavu, wa pili kaenda chini kule dirishani. Alafu wa tatu. Nikawatoa wote nje uwanjani nikawaambia wakae kwenye majani wanywe maji, na kweli waliotoka hawakuanguka. Yule wa kwanza alipofumbua macho unajua kaniuliza nini? "Madam, pepa imeshaanza?" Saa nne ya usiku hiyo.

Toka siku hiyo ni leo huyu kesho yule. Daktari wa kituo cha afya kaja, tumpe haki yake alifanya kazi, kapima malaria hakuna, sukari iko sawa, damu ipo ya kutosha isipokuwa kwa mmoja, kauliza kama kuna mwenye kifafa nyumbani kwao, hakuna. Akasema ni msongo, wapumzike. Akaandika kabisa kwenye karatasi, wapumzike. Karatasi iko kwa mkuu.

Sasa sikiliza walivyopumzishwa. Siku ya kwanza kaletwa mchungaji, maombi mpaka usiku wa manane, watoto wote bwaloni wanarushwarushwa, kesho yake wakaanguka wengi zaidi. Na katika walioombewa kuna binti wa Kiislamu kawekewa mikono kichwani akiwa na mtandio wake, mama yake kapata habari sijui kwa nani (simu za watoto si tunazo sisi ofisini, lakini habari zinatoka) kapiga simu kafoka mpaka mkuu kasogeza simu mbali na sikio. Ndo akaletwa shehe kuweka mizani. Mimi mwenyewe nasali na wewe unajua, sijasema watu wasiombewe, nasema mtoto aliyelala masaa manne tu usimkeshee tena.

Alafu mwalimu wa nidhamu, yeye kwake hamna pepo wala msongo, wanaigiza wanakwepa mitihani, dawa fimbo. Nikamwambia kaka, kanuni ya viboko ya mwaka 2002 inasema mkuu wa shule au aliyempa idhini ya maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike. Sasa kitabuni utaandika kosa gani, kuzimia? Kanitazama hivi akaondoka. Toka siku hiyo ananisalimia kwa kidevu.

Ila kinachoniuma ni hiyo ratiba, narudi palepale. Kengele saa kumi alfajiri. Prepo ya asubuhi, usafi, uji, vipindi mpaka mchana, baada ya chakula remedio, yaani masomo ya ziada, jioni kufua na kuoga mbiombio, prepo ya usiku mpaka saa tano, na hawa wa A kwa kuwa ndo "wanategemewa" wanaongezewa mpaka saa sita. Hesabu wewe mwenyewe hapo katikati panabaki nini. Wewe ndo uliniambia siku zile kwamba mtoto wa umri huu anatakiwa alale masaa nane mpaka kumi kwa usiku mmoja, na kwamba usingizi wao unachelewa kuja kwa maumbile si kwa ukaidi, kwa hiyo ukimwamsha saa kumi unamkata katikati. Nimemweleza mkurugenzi wa shule hivyo hivyo. Akasema "Madam, shule ya jirani wanaamka saa tisa." Sasa hapo unajibu nini?

Na yote haya kwa ajili ya nini? NECTA wenyewe, baraza la mitihani, Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, nikajua basi sasa tutapumua. Wapi. Mabango yamezidi, lile letu pale njia panda limebadilishwa, picha za watoto na divisheni wani zao za pointi saba, kubwa kuliko la soda. Unaelewa mzazi akipita pale na gari anamwambiaje mwanae.

Maana wazazi nao. Huyu binti wa peni, baba yake alikuja siku ya kutembelea, kaleta kuku, kaleta juisi, mzuri tu, anacheka, alafu wakati wa kuagana kamwambia mbele yangu "ukikosa wani usihangaike kurudi nyumbani, utafute baba mwingine." Kacheka. Mtoto naye kacheka. Na yule baba si mbaya, kauza kiwanja chake Kihonda kulipa ada ya miaka hii minne, na mtoto anajua kiwanja kimeuzwa kwa sababu kaambiwa. Anakaa darasani na kiwanja cha watu kichwani. Nimepekua daftari la zahanati, lile ulilolianzisha wewe mwenye mistari ya wino mwekundu, walioanguka karibu wote ni Alhamisi usiku au Jumapili jioni. Ijumaa ndo tunatoa tesiti ya wiki na Jumatatu asubuhi matokeo yanabandikwa ubaoni kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, majina kamili. Pepo gani hilo linalojua ratiba ya taaluma?

Nikakumbuka habari yako ya Kashasha. Uliyotusimulia pale jikoni tukachukulia utani, kwamba kwenu Muleba watu walishawahi kuugua kicheko. Nimeenda kuitafuta, ni kweli tupu. Januari 30, 1962, shule ya bweni ya wasichana, wakaanza watatu, ikafika 95 kati ya 159, wanacheka wanalia hawawezi kutulia darasani, Machi 18 shule ikafungwa, watoto waliporudishwa makwao kikaenda nao mpaka Nshamba. Vipimo havikuonyesha kitu. Na walimu hawakupata hata mmoja! Hapo ndo niliposimama nikasoma mara ya pili, maana na huku kwetu sijaona mwalimu kaanguka, tena tunakaa darasa lile lile tunakula maharage yale yale. Nikamhadithia mkuu nikidhani atashtuka, unajua kasema nini? "Wahaya bwana, hata ugonjwa wao wa kujidai." Nikacheka jamani, nisamehe. Ila aliondoka na kile karatasi nilichomwandikia.

Kumbe kilimwingia, maana jana kaniita. Anaogopa si watoto tu, anaogopa mahafali. Jumamosi tarehe 11 mwezi wa kumi, mgeni rasmi mkubwa, hema zimelipiwa, emsii kutoka Dar, keki ya ghorofa, kuna mtu wa droni wa kupiga picha kutoka juu, mchango kila mzazi wa foo katoa na wengine wamekopa. Sasa fikiria mtoto aanguke wakati wa risala. Fikiria waanguke wote na joho, droni juu inarekodi. Mkurugenzi halali kwa hilo (sasa na yeye anajua ladha ya kutolala). Ameshafuta bonanza la michezo la mabweni ili "kuokoa muda", yaani kitu kimoja ambacho watoto walikuwa wanakisubiri kwa hamu ndo kimefutwa, netiboli, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, hamna. Walikuwa wameshashona na jezi.

Ndo sasa ombi langu. Ijumaa tarehe 10, siku moja kabla ya mahafali, ni siku ya afya ya akili duniani. Nimemwambia mkuu tuitumie, tupate mtu wa kuongea na foo wote, saa nzima asubuhi, alafu jioni wazazi watakaokuwa wamefika mapema. Kakubali kwa sharti mada iitwe "namna ya kujiandaa na mtihani wa taifa". Iitwe hata "upishi wa pilau", kwangu sawa. Nikakutaja wewe. Akanyamaza, akasema "yule nesi wetu? aje, lakini asiseme anatoka Mirembe." Na kwa kweli shoga usiseme, maana mzazi akisikia mtu wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kaja shuleni anaondoka na mwanae kabla keki haijakatwa. Inaudhi, najua, umeshaniambia mara ngapi hao wagonjwa wenu ni watu kama sisi. Lakini kwanza tuwapate kwenye viti.

Nataka uwaambie watoto kwamba hawajalogwa na wala hawaigizi. Hayo mawili tu, kutoka kwa mtu mwenye taaluma yake, maana mimi nikisema ni "Madam wa malezi, kazi yake kutubembeleza". Na uwaoneshe la kufanya mwenzao akianguka, wasimzunguke, wasimwagie maji, wampishe hewa, mmoja abaki naye, wengine watoke. Wazazi uwaambie kuhusu usingizi na kuhusu maneno ya getini. Yule baba wa kiwanja atakuwepo, nitamkalisha mbele. Usimpige mawe, anampenda mwanae kuliko sisi wote, hajui tu mzigo unavyobebwa.

Mimi upande wangu nimebaki na vita ya kengele. Nimeomba saa kumi iwe saa kumi na moja na nusu, prepo iishe saa nne kamili, na ubao wa majina utolewe mpaka wamalize mtihani mwezi wa kumi na moja, kila mtoto apewe maksi zake mkononi. Mwalimu wa taaluma kasema nataka kuua shule. Matroni yuko na mimi, na wa Kemia pia, amini usiamini, kumbe masikio yake yale yanamsaidia, anasema usiku anawasikia wanalia bwenini. Mkuu kasema atafikiria baada ya mahafali. Baada ya mahafali! Wiki hii kaanguka na wa fomu tuu mmoja, nao wana mtihani wao wa taifa, ndo nikaona niache aibu nikuandikie.

Usafiri usiwe sababu, treni ya mwendokasi inakushusha Moro mapema tu, mimi nitakupokea stesheni na bajaji ya yule kijana wetu. Nauli mkuu kasema ofisi italipa, unaijua ofisi, kwa hiyo nimeshaitenga yangu ili usidhalilike. Utalala kwangu, kitanda cha Ima kipo, yeye yuko Dar siku hizi na ana mchumba, hiyo habari nyingine hiyo, nitakupa uso kwa uso maana mchumba mwenyewe... acha kwanza.

Sasa nijibu, zamu yako ya tarehe 10 inaweza kubadilishwa? Unaweza kuja Alhamisi jioni ili uwaone kwenye prepo kwa macho yako kabla hujaongea nao? Yule binti wa peni nimpeleke wapi kwa hapa Moro akihitaji kuonwa na mtu zaidi ya mara moja, una mtu unayemwamini? Na huyu mwenye damu pungufu nimpe nini zaidi ya zile vidonge vyekundu? Ukiwa mimi ungeomba bonanza lirudishwe au ungeacha ubishi huo ushughulike na kengele kwanza? Yule dada wako wa ustawi wa jamii bado yuko Moro au kahamishwa? Na mama Nasra, wewe mwenyewe unalala? Sauti yako ile ya mwisho sikuipenda.

Mkuu anataka jina la mzungumzaji Jumatatu asubuhi, kwa hiyo nitumie hata sauti fupi kabla ya Jumapili usiku. Ukija niletee zabibu, zile za kwenu tamu, si zile ulizoleta kipindi kile.

Wako,
mama Ima