Wageni wa tovuti tuwahesabu kwa wanachofanya

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana naona vijana wengi siku hizi wanafungua tovuti zao binafsi, huyu anaweka picha anazopiga, yule mashairi, mwingine mapishi, halafu ukimuuliza vipi inaendaje anakujibu mwezi huu wameingia watu elfu mbili. Sawa wameingia, wamefanya nini? Hapo kimya. Mtu anaweza kugusa linki kwenye grupu la Wasap, ukurasa ukafunguka, akakumbuka bando linaisha akatoka zake, na bado amehesabiwa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nina tovuti yangu ambayo naweka notsi na maswali ya kidato cha tatu na cha nne, bure. Chini ya kila swali kuna batani ya "Onyesha jibu" na hiyo batani ndo roho ya tovuti nzima, kwa sababu mwanafunzi akiigusa kabla hajafikiri hajajifunza kitu, ila akihangaika na swali kwanza halafu ndo aangalie, hapo kazi imefanyika. Ripoti ya kawaida haikwambii hilo. Google Analytics ya sasa hivi, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, hii tuliyohamia baada ya ile ya zamani kuacha kupokea data Julai 2023, inarekodi kila kitu anachofanya mgeni kama tukio, na mengine inayakamata yenyewe: ukurasa kufunguliwa, faili kupakuliwa, mtu kuskroli mpaka asilimia 90. Na mgeni akizidisha sekunde 10 tu inamhesabu kuwa ameshiriki. Jamani sekunde 10! Swali la lenzi hata kulisoma hajamaliza.

Kwa hiyo nikatengeneza tukio langu, nikaliita onyesha_jibu. Ni mistari michache ya kodi, yaani maelekezo ya kompyuta, mtu akigusa batani inatuma jina la tukio pamoja na vitu viwili, namba ya swali na sekunde zilizopita tangu swali litokee kwenye kioo cha simu. Basi. Nilichokiona ni kwamba maswali ya umeme, zile sakiti za kuunganisha rezista, wanakaa nayo kweli, ila ukifika kwenye lenzi wengi wanarukia jibu moja kwa moja. Darasani nisingejua, maana darasani wote wanaitikia "tumeelewa mwalimu". Nikaongeza mchoro wa miale hatua kwa hatua, nikaweka na batani ya "Nipe dokezo" ambayo nayo ina tukio lake, na sasa hivi wengi wanaanza na dokezo kabla ya jibu. Hiyo ndo habari ninayoitaka mimi, hao elfu mbili siwahitaji.

Anayetaka kujaribu achague matukio mawili matatu tu ambayo akiyaona atabadilisha kitu, sio kila batani. Wa mashairi aangalie nani amebonyeza kusikiliza na akafika mwisho, wa picha aangalie nani amefungua picha kubwa halafu akagusa namba ya Wasap. Majina ya matukio awe nayo makini, herufi kubwa na ndogo inazitofautisha, nafasi katikati haitakiwi, mwisho herufi 40. Na ile namba ya swali usipoisajili kwenye mipangilio kama dimensheni, yaani kigezo cha kupangia ripoti, hutaiona kwenye ripoti, tena ukiisajili leo za nyuma hazirudi, wengi hapa ndo wanakwama wanadhani kodi imegoma. Halafu usitegemee hesabu kamili, kivinjari cha Brave kinazuia Google Analytics, na kile cha Opera Mini kikiwa kwenye kubana data sana kodi nyingi hazifanyi kazi vizuri, na hizo simu ndogo ndo za wanafunzi wetu. Linganisha swali na swali, wiki na wiki, inatosha.

Kitu ambacho sitakubali ni mtu kuunganisha matukio haya na majina ya watu. Wanaoingia kwangu ni watoto. Google wenyewe wanakataza kutumiwa majina, namba za simu au barua pepe, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo imeanza kufanya kazi Mei 2023. Mimi sihitaji kujua ni nani amekimbilia jibu, nahitaji kujua ni swali gani linakimbiwa. Na ambaye hataki mambo ya Google kabisa kuna Umami na Plausible, programu nyingine za kuhesabu wageni, hazitumii kuki (vifaili vya kumtambua mgeni vinavyobaki kwenye simu yake) na zote zinapokea matukio ya kujitengenezea, Umami unaweza hata kuiweka kwenye seva yako mwenyewe bila kulipa.

Ombi langu kwenu Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki ni simu mpya na bei zake. Maelezo ya haya mambo karibu yote ni ya Kiingereza, kijana wa mashairi anayeandika Kiswahili kizuri kabisa anaishia njiani. Mpeni nafasi fundi mmoja aandike hatua kwa hatua, na picha za skrini, kuanzia kodi ya kwanza mpaka tukio lionekane kwenye ripoti. Mkikosa mtu, mimi nipo, nitaandika bila malipo.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro