Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Diwani: Niliuliza Kuhusu Vichanja

Mheshimiwa Diwani,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Mimi ni yule mama aliyesimama Jumamosi iliyopita katika mkutano wa hadhara hapa mwaloni, mitumbwi inapoteremsha dagaa, akauliza viko wapi vichanja vya kuanikia dagaa ulivyotuahidi wakati wa kampeni. Ulinijibu kwamba mjane anayenuka dagaa hatafuti vichanja, anatafuta mume. Watu wako walicheka. Mwanangu wa darasa la sita, aliyekuwa amenishikia ndoo, hakucheka, na tangu siku hiyo hataki kunisindikiza mwaloni.

Mheshimiwa, sikatai vijembe katika siasa. Nimekulia Kisesa, karibu na Bujora, ambako katika sherehe za Wasukuma za Bulabo vikundi viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma, na manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa upande huu humsuta wa upande ule kwa nyimbo zilizofumbwa vizuri, hadi watu wahamie kwake, kwa maana anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Lakini manju humsuta manju mwenzake. Hamgeukii mama aliyekuja kutazama.

Hata katika Bunge la Uingereza, mwaka 1978, waziri wa fedha Denis Healey alisema kwamba kushambuliwa na Geoffrey Howe ni sawa na kuraruliwa na kondoo mfu. Kijembe hicho kinakumbukwa mpaka leo, kwa sababu kiliilenga hoja na usemaji wa mtu aliyekuwa mbunge kama yeye, mwenye nafasi ya kusimama na kujibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyang'anywa kipaza sauti.

Nadhani ulinitukana kwa kuwa hukuwa na jibu. Labda fedha za vichanja zimekwenda kwingine, labda hazikuombwa kabisa. Mvua za wiki hii zimenikuta nimeanika mchangani kama kawaida: dagaa wa ndoo nane wameoza, na waliopona wamejaa mchanga, wananunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku, nami nina mkopo wa kikundi wa kurejesha kabla giza la mwezi halijarudi na mitumbwi kuingia tena ziwani.

Katika mkutano ujao nitasimama tena, na mwanangu nitamwomba aje. Ukitaka kunirushia kijembe, nirushie, kiwe kikali, ila kihusu nilichouliza. Kisha unijibu, Mheshimiwa: vichanja vitajengwa lini?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchuuzi wa dagaa, Mwanza