Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: saini zako mbili ninazo, naomba ya tatu

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakusalimu kwa heshima zote, na nakupa pole ya majukumu, maana kila nikifika ofisini kwako naambiwa uko kwenye majukumu.

Najua unanikumbuka. Machi 8 ndipo uliponipandisha jukwaani, nikiwa na kitenge cha sare ambacho kila mwanakikundi alijinunulia, ukanikabidhi cheti chenye fremu: Mwanamke wa Kuigwa katika Biashara. Mgeni rasmi alituhutubia karibu saa nzima. Alimtaja Ruth Zaipuna aliyeshika uongozi wa Benki ya NMB mwaka 2020, akamtaja Susan Mashibe, rubani na fundi wa ndege aliyefungua kampuni yake mwenyewe ya kuhudumia ndege, akamalizia na Zainab Ansell wa Zara pale Moshi, aliyeacha kazi ya shirika la ndege miaka ya 1980 akaanza kuwapandisha wageni Kilimanjaro. Nilipiga makofi, tena ya moyoni. Kisha nikapewa dakika tano nieleze siri ya mafanikio yangu. Nikaeleza. Deni mnalodaiwa na kikundi chetu cha sabuni sikuligusa, maana mtu haharibu shughuli ya watu.

Machi 11 kijana wa ofisi yako akaniletea barua.

Alinikuta nakoroga pipa. Wanaotengeneza sabuni ya maji wanajua: ukishaanza kukoroga ungaroli, ile kemikali ya sabuni, na chumvi huachi katikati, wala hugeuzi upande wa mwiko. Nikamwomba asubiri. Akakaa juu ya dumu tupu, akainua macho ukutani, akasoma cheti changu chote, halafu akaitazama bahasha aliyoishika. Mtoto wa watu akaona aibu, nikamwona. Barua ilisema kikundi chetu kimechelewesha marejesho ya shilingi 2,100,000 za mkopo wa asilimia 4 ya wanawake, na tusipolipa ndani ya siku 14 hatua za kisheria zitafuata. Nilifuta mikono nikasaini daftari lake. Hapo ndipo nilipoona kwamba saini iliyo kwenye barua na iliyo kwenye cheti ni moja. Ile yenye mkia mrefu unaorudi nyuma.

Sasa naomba nikukumbushe kidogo. Septemba mwaka jana ofisi yako ilitupa LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, ya lita 2,400 za sabuni, kwa zahanati tisa na vituo viwili vya afya. Madumu 120 ya lita 20, kila dumu 30,000. Tulipiga vigelegele. Kwenye mafunzo tuliambiwa sheria ya ununuzi inatutengea asilimia 30 ya manunuzi ya umma sisi makundi maalumu, tukajisajili NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, kwa simu ya mtoto wa mwenzetu, tukikaa pale ukumbini tangu asubuhi hadi mfumo ulipoamka saa kumi jioni. Barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, tunayo, alama ya ubora ya TBS tunayo. Mzigo tuliupeleka kwa kirikuu, safari sita, na zahanati ya mwisho gari lilikwama mtoni, madumu tukayavusha kichwani. Kamati ya mapokezi ikahesabu, ikafungua dumu moja, ikanusa, ikasaini. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, tukatoa. Shilingi 3,600,000.

Mpaka leo.

Nimekuja kufuatilia mara kumi na moja. Kwa mwekahazina naambiwa vocha iko kwenye mfumo. Kitengo cha ununuzi wanasema mfumo unasumbua. Masjala wanasema faili liko kwa Mkurugenzi. Kwa Mkurugenzi, kama nilivyosema, majukumu. Huku mtaani kila mtu ana maelezo yake: wapo wanaosema fungu limehamishwa, wapo wanaosema mapato ya ndani hayakukusanywa, na wapo wanaosema tulitakiwa kumwona mtu. Huyo mtu simjui na sitaki kumjua. Ninachokijua ni kwamba asubuhi ya Machi 8 mwenye mahema hakufungua hata kamba moja kabla simu yake haijalia mlio wa pesa. Nilisimama naye palepale. Na nadhani hata mgeni wa Kilimanjaro hulipia kabla hajaanza kupanda mlima. Sisi tulipanda kwanza.

Uliniuliza jukwaani mtaji tulianzaje. Mtaji ni mkopo wenu, siukani, na ninaushukuru. Tulijua sheria ya 2018 inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ije kwetu wanawake, vijana na wenye ulemavu, bila riba. Tulijua pia kusubiri: mikopo iliposimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa, sisi tusio hewa nasi tulikaa pembeni hadi iliporudi. Tulipopata tukanunua mapipa, salfoniki (tindikali ya kutengenezea sabuni), ungaroli, manukato. Kisha salfoniki yote ikaenda kwenye sinki za zahanati zako.

Ilipokwisha tukakopa ya kununulia nyingine. Ndugu Mkurugenzi, unaijua mikopo ya mtaani ya kausha damu? Hukopi kwa fomu, unakopa kwa kochi. Marejesho ni kila Jumatatu, na ukikosa, kochi linaondoka watoto wakiwa wamelikalia. Mwenzetu mmoja friji lake la kuuzia barafu limechukuliwa Januari. Mwingine amejitoa kikundini kwa sababu mumewe amemwambia achague: ndoa au madumu. Mimi nimeuza cherehani ya marehemu mama. Hayo yote ni kwa ajili ya sabuni ambayo wakunga wako wananawia mikono sasa hivi ninapoandika. Mkopo wenu hauna riba, ni kweli kabisa. Deni mnalodaiwa ndilo lenye riba, na tunailipa sisi.

Halafu kuna ahadi. Siku ya kukabidhi ule mfano wa hundi, mkubwa kama mlango, ulisema mbele ya kamera kwamba kikundi chochote kitakachoihudumia halmashauri kitalipwa ndani ya siku 30. Nilizihesabu hadi 30, nikaanza upya. Nimezihesabu mara sita.

Ninachoogopa ni Juni 30. Mwaka wa fedha ukifungwa tutaitwa wazabuni wa madeni, tutaambiwa tusubiri uhakiki, na waliohama vituo wataulizwa kama kweli walipokea sabuni. Sabuni yenyewe itakuwa imeshatiririka mtaroni. Wewe ndiye afisa masuuli, mwenye dhamana ya malipo ya halmashauri. Vocha iko mezani kwako.

Tunaomba saini.

Na kama kutulipa zote ni kuzito, basi kateni hapohapo: toeni 2,100,000 zenu katika 3,600,000 zetu, mtupe 1,500,000 inayobaki. Hesabu hii mwanangu wa darasa la nne ameifanya kwa kijiti mchangani. Niliipeleka kwa mwekahazina, akasema mifumo haisomani. Sawa, lakini ninyi wawili mnakaa korido moja. Someaneni.

Hizo siku 14 zimepita. Hatujapita kwa wakili, hatuna fedha ya wakili. Tunaomba saini tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenyekiti wa kikundi
(namba ya LPO unayo)

Nyongeza: Jana nimepigiwa simu kutoka Maendeleo ya Jamii. Wiki ijayo kuna wageni wanakuja kujifunza kwa wanawake wa mfano, tuandae meza na sampuli. Tutakuja, na kitenge tutavaa. Sabuni ya kuonyesha hatuna, kwa hiyo mezani tutaweka cheti, barua yenu ya Machi 11 na nakala ya LPO. Wageni wakiuliza, nawe utakuwepo, utawaeleza.