Mkate wa magadi hautaki kukandwa: barua kwa mwanangu

Marahaba, mwanangu.

Picha ya mkate wako nimeiona. Mdogo wako naye ameiona, akacheka mpaka nikamfukuza jikoni. Usimjali. Mimi niliikuza ile picha nikautazama vizuri: umelala badala ya kuinuka, ganda limepauka, na pale ulipoukata kuna madoa ya manjano. Kila kimoja kina sababu yake. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu unaitikia tu "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unafanya mambo mengine.

Nianze na mikono yako. Wewe umekulia kwenye chapati. Tangu mdogo umeona unga unakandwa mpaka unalainika, unafunikwa, unaachwa ulale, unakatwa madonge, unasukumwa. Basi ukiona unga na maji tayari unakunja mikono ya shati. Kwa mkate huu wa Waairishi, watu wa huku Ireland, hapo ndipo unapouua. Unga wa ngano ukilowa na ukasuguliwa sana unajenga mvutano, na huo mvutano ndio tunaoutaka kwenye chapati, na kwenye mkate wa hamira pia, kwa sababu hamira inatoa hewa polepole kwa saa nzima au zaidi na inahitaji unga unaonyumbuka wa kuishika hewa hiyo. Magadi soda hayana subira ya namna hiyo. Yakikutana na uchachu wa mtindi, hewa inatoka papo hapo. Utaona mwenyewe unga unaanza kutuna na kutoboka vitobo ukiwa bado una kijiko mkononi. Ukisimama kuukanda dakika kumi, hewa yote imekwisha kwenda zake na umebaki na donge gumu. Ndiyo maana mkate wako umelala.

Na ndiyo maana oveni inawashwa kabla hujagusa chochote. Nakujua wewe: unachanganya kwanza, halafu unakumbuka oveni, halafu unakaa na simu ukingoja ipate moto. Iwashe digrii 230, iache ifike kweli, ndipo ufungue pakiti ya unga.

Huu mkate nilifundishwa na yule bibi wa kule magharibi ya kaunti ya Cork niliyekuwa nikimhudumia ulipokuwa shule ya msingi. Unamkumbuka, aliyekuwa akikupa biskuti kwa siri. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini mikono ilikuwa inajua njia. Hakuwa na mizani. Jambo lake la kwanza lilikuwa magadi: aliyamimina kiganjani, akayapondaponda kwa kidole gumba mpaka hakuna chembe hata moja iliyoshikana, ndipo akayatia kwenye chekeche pamoja na unga. Wewe hukufanya hivyo. Yale madoa ya manjano ni vibonge vya magadi ambavyo havikukutana na mtindi, na nina hakika ulipouma hapo ulisikia ladha ya sabuni.

Sasa kipimo, kiandike mahali. Unga gramu 450, magadi soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, chumvi kijiko kimoja cha chai, mtindi mililita 350 mpaka 400. Basi. Hakuna yai, hakuna siagi ndani, hakuna sukari. Najua mtandaoni utakuta wa Marekani wenye zabibu, sukari na mbegu za karawei, wanauoka tarehe 17 Machi kwa sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Ni mtamu, sikatai, na hata huku wapo wanaotia zabibu wakitaka kitu cha chai. Ila wa kila siku hauna kitu zaidi ya hivyo vinne. Tena kwenye nchi hii sukari kwenye mkate ni jambo la kufikishana mahakamani: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ireland iliamua kwamba mikate ya kampuni moja kubwa ya sandwichi ya Kimarekani haistahili kuitwa mkate kwa mujibu wa sheria ya kodi, kwa kuwa sheria inataka sukari isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga, na wao walikuwa kwenye asilimia 10. Nilicheka sana siku ile. Andazi ndilo andazi, hata ukilipaka mayonezi.

Kwenye unga uwe makini dukani. Kuna ule ulioandikwa "strong", huo una nguvu, ni wa mikate ya hamira, na nadhani ndio uliochukua. Chukua ule wa kawaida wa keki. Wala usichukue ule unaoumuka wenyewe, una dawa yake ndani tayari, ukiongeza magadi unaharibu. Kifuko cha magadi huku kimeandikwa "Bread Soda". Usinunue baking poda ukadhani ni kitu kimoja: ile imeshachanganywa na uchachu wake, haiuhitaji mtindi. Na hata ukija kuuoka Tanga siku moja, usije ukachukua magadi ya mawe tunayotia kwenye makande. Ni ndugu zake, lakini ni makali, na mkate utakuwa hauliki.

Waairishi hawakuwa na mkate huu tangu enzi. Magadi ya kuokea yaliingia huku miaka ya 1830, na yakawakuta watu ambao yanawafaa hasa. Ngano inayoota kwenye mvua hizi unazozijua ni laini, haina ule mvutano, kwa hiyo haikuwa ikitoa mkate mzuri wa hamira. Hamira yenyewe inataka joto la kutulia na mtu wa kuilea. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na oveni. Kulikuwa na moto wa turf, yale mabonge ya udongo mweusi wa kwenye vinamasi yanayokatwa na kuanikwa, na juu ya moto huo kimening'inizwa chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko, wanakiita bastible. Yule bibi alikuwa nacho bandani, kimejaa kutu, kuku wanatagia humo. Mama yake alikuwa akioka ndani yake kila siku ya Mungu, donge linawekwa chini, mfuniko juu, na juu ya mfuniko anapalia makaa. Aliponieleza hivyo nikamwambia hilo kwangu si geni, kwetu pwani mkate wa kumimina unaokwa vivyo hivyo, moto chini, moto juu. Hakuamini. Ikabidi nimpigie bibi yako Tanga kwa video amwonyeshe sufuria yake na makaa juu ya mfuniko, na wazee wawili wasioelewana lugha wakakaa nusu saa wakionyeshana vyungu.

Halafu mtindi. Hapa ndipo nataka usifanye ujanja. Zamani ulikuwa ni yale maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa, yenyewe yameshachacha. Unakumbuka mlivyopelekwa na shule kwenye jumba la makumbusho ya siagi pale Shandon? Karne ya 19 soko la siagi la Cork lilikuwa kubwa kuliko masoko yote ya siagi duniani. Siagi inatiwa chumvi, inafungwa kwenye mapipa, inapakiwa melini mpaka visiwa vya Karibi. Aliyemkamua ng'ombe hakuila. Siagi ilikuwa ya kulipia kodi ya shamba kwa mwenye ardhi, na nyumbani yakabaki yale maziwa ya uchachu, yakinywewa na viazi. Viazi vilipooza mwaka 1845 na njaa ikaua watu karibu milioni moja, kilicholetwa kutoka Marekani ni unga wa mahindi, na watu hawakujua hata unapikwaje. Baadaye wakaujua, wakawa wanauchanganya na wa ngano na magadi kuoka mkate wa njano. Yule bibi aliuonja utotoni kwa nyanya yake, na siku moja nilipokula ugali wangu mbele yake alitikisa kichwa akasema huo ni unga wa shida. Nikamwambia kwetu ni unga wa kila siku, shida ni kuukosa.

Siku hizi mtindi wa dukani unachachushwa kwa bakteria wa maziwa, lakini kazi unaifanya. Kama duka la karibu nawe limefungwa, chukua maziwa ya kawaida, kwa kila mililita 250 tia kijiko kimoja cha chakula cha ndimu au siki, koroga, acha dakika kumi mpaka yakatike. Mkate utainuka. Ladha haifikii, ila utainuka.

Ukishachekecha unga, magadi na chumvi kwenye bakuli pana, fanya shimo katikati, mimina mtindi karibu wote kwa mara moja. Bakisha kidogo tu uone unga unavyonywa. Tanua vidole vyako viwe vigumu, mkono mmoja tu, uzungushe kutoka katikati kwenda nje ya bakuli. Mkono mwingine ubaki mkavu wa kushikia bakuli, na wa kupokelea simu kama ni lazima, ingawa si lazima. Mizunguko michache, unga umeshikana. Uwe laini, unanatanata kidogo, si wa kushika umbo kama wa chapati. Nyunyiza unga mezani, upindue hapo, uugeuze geuze kwa viganja mpaka uwe duara la unene wa kama sentimita nne. Ukijikuta unausukuma kwa kisigino cha mkono, acha, ondoka, nenda kanawe.

Kata msalaba juu kwa kisu, mpaka pembeni kabisa, tena mkato wa kina. Usikwaruze tu. Pale katikati ndipo panene, na bila mkato joto halifiki, utabaki na unga mbichi ndani. Wazee wa huku wanasema ni kuwatoa wale viumbe wasioonekana wasije wakauharibu mkate, na yule bibi alikuwa akichoma ncha ya kisu kwenye kila robo kwa ajili hiyo hiyo. Mimi mtu wa Tanga nitabishana naye kuhusu majini? Nachoma na mimi.

Dakika 15 kwenye 230, kisha punguza iwe 200, na uache dakika 25 hivi tena. Oveni za nyumba za kupanga hazisemi kweli, kwa hiyo usitegemee saa peke yake: utoe, upindue kwa kitambaa, ugonge chini kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ukilia zito, urudishe ukiwa umepinduliwa hivyo hivyo, dakika tano. Ukitaka ganda gumu uache kwenye waya upoe. Ukitaka laini, ufunge kwenye kitambaa safi ungali wa moto. Na uache upoe kidogo kabla ya kuukata, ndani bado unamalizia kuiva.

Siagi ya chumvi, nyingi, na chai ya maziwa. Hapo sina maelezo zaidi. Kwa supu ya mboga pia unafaa. Kesho yake utakuwa umekauka, hauna mafuta ya kuutunza, kwa hiyo uuchome kwenye tosta. Siku ya tatu usijidanganye.

Ukishauzoea huu mweupe, jaribu wa kahawia, nusu unga mweupe na nusu ule mzito usiokobolewa. Unanywa mtindi zaidi, na mimi kwa kweli naupenda kuliko huo mwingine, lakini baba yako anasema anatafuna majani.

Jambo la mwisho ni umeme. Digrii 230 si mchezo kwenye bili, na mko wanne humo ndani. Ukiwasha oveni kwa mkate, tia na viazi kwenye trei ya chini, au mapaja ya kuku, mle wote usiku huo na mchangie gharama. Zile hela nilizokutumia Ijumaa ni za umeme. Nikisikia zimenunua viatu tutaongea.

Mama yako