Jina linabadilika, jinsia unazungushwa

Mhariri, salamu. Mimi nina saiba ndogo hapa Mombasa, kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za serikali kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hayo yote. Kuna jambo linanikera na silioni gazetini, basi leo naandika mwenyewe.

Ukitaka kubadili jina Kenya hii, njia ipo. Wakili anakuandikia hati, unaapa, unalipia, inasajiliwa halafu inatoka kwenye lile gazeti rasmi la serikali la Ijumaa, ndio sasa unapeleka kwa kitambulisho na pasipoti. Inakula pesa lakini ipo, hata aliyesilimu anaijua. Transjenda naye (yule ambaye jinsia anayoishi nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa) anapita hiyo hiyo na jina anapata vizuri tu. Kasheshe ni pale kwenye jinsia. Hapo hakuna fomu, hakuna ada, karani anaamua kulingana na alivyoamka, mmoja anakwambia lete barua ya daktari, ukiileta mwenzake anakwambia nenda kortini.

Nina kasitoma mmoja, kijana ana ndevu zake, kitambulisho kina jina la kiume lakini kwa jinsia kimeandikwa mke. Alienda kutoa pesa kwa wakala, yule wakala akakigeuza mbele nyuma, akakiinua kwa mwanga, akamwita na mwenzake waangalie, mwisho akamwambia hiki umeokota. Pesa zake, namba ya siri anaijua, laini imesajiliwa kwa jina lake! Ikabidi anitumie mimi nimpe keshi. Na hizo ni pesa tu, sijui huwa inakuwaje akisimamishwa na polisi usiku.

Na korti hazijanyamaza. Mwaka 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya cha sekondari chenye jina lake na bila alama ya jinsia, maana maksi hazitolewi kwa kuangalia jinsia ya mtu. Lakini hicho kilikuwa cheti cha mtihani. Sasa kila mtu akashtaki kivyake kwa kila karatasi aliyo nayo? Wakili wa nani huyo wa bei rahisi.

Huntha angalau wamesogea (wengi wanawachanganya na transjenda, huntha ni maumbile ya kuzaliwa nayo). Sensa ya 2019 iliwahesabu, wakawa 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha. Kumbe serikali ikitaka inaweza.

Najua kuna watakaosema jinsia ikibadilishwa kwenye karatasi wahalifu watajificha humo. Wajifiche vipi na alama za vidole ni zile zile, namba ya kitambulisho ni ile ile, na faili la zamani halichomwi? Aliyebadili jina tu si ndiye rahisi zaidi kupotea, na huyo tunamruhusu kila wiki.

Tatizo liko kwenye cheti cha kuzaliwa, huko ndiko kitambulisho na pasipoti zinakochota, na sheria yake, Sura 149, ni ya tangu 1928. Wabunge waweke fomu moja, orodha moja ya karatasi za kuleta, na siku za kujibiwa, iwe sawa Mombasa na Lodwar. Na kama jibu ni hapana waliandike wazi, ili niache kuwatuma watu wakapoteze nauli bure.

Mwenye saiba,
Mombasa