Ile mbili ya kwenye mabano

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo, bibi anakusalimu, ila mvua imechelewa.

Jaribio la kemia ulilolikunja ndani ya barua nililisoma jana usiku baada ya kufunga duka. Alama 11 kati ya 30 si msiba. Kilichonishikisha kalamu ni swali la nne: umepewa Fe₂O₃, ukaandika oksidi ya chuma(II). Najua ulikopotelea. Uliona chuma mbili, ukatia mbili kwenye mabano. Hata mimi nilikosea hivyohivyo kidato cha pili, na mwalimu wetu hakueleza kitu, alichapa tu.

Namba ya Kirumi haihesabu atomu, mwanangu. Inataja chaji ya kila ioni ya chuma, yaani atomu ya chuma iliyobeba chaji ya umeme. Anza na oksijeni: kila ioni yake hapo ina hasi mbili. Ziko tatu, jumla hasi sita. Kampaundi nzima haina chaji, basi chuma ndiyo ilete chanya sita. Ioni zake ni mbili, zigawane: tatu kila moja. Oksidi ya chuma(III). Kutu inayotoboa bati la jikoni kwetu ni oksidi hiyohiyo, imeshikana na maji.

Sasa ukumbuke mrututu, ule wa buluu ambao babu yako alikuwa akiuchanganya na chokaa kunyunyizia kahawa. CuSO₄. Shaba ni moja tu, lakini jina ni salfeti ya shaba(II), maana salfeti ina hasi mbili na hiyo shaba haina wa kusaidiana naye. Kisha tazama Cu₂O: shaba mbili, jina oksidi ya shaba(I)! Hizo mbili zibandike ukutani juu ya kitanda chako.

Magadi tunayotia kwenye maharage yana kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃. Hapo usiandike namba yoyote. Ioni ya sodiamu ni chanya moja siku zote, kwa hiyo hakuna cha kufafanua. Kalsiamu ni mbili, alumini tatu, nazo hazina mabano. Namba huandikwa kwa metali kama chuma na shaba, zenye chaji zaidi ya moja.

Huo mtindo wenu wa kupishanisha namba kama mkasi, chaji ya huku ikawa idadi ya atomu za kule, siupendi. Kwa kuandika fomula unafaa, ukikumbuka kurahisisha, kwani Mg₂O₂ lazima iwe MgO. Lakini ukitaka kuutumia kurudi nyuma unakudanganya: FeO itakuonyesha chuma ina moja, kumbe ina mbili. Anza na upande wa hasi, piga hesabu.

Nimekuwekea sabuni, karanga na shilingi elfu kumi. Unga mweusi wa ndani ya betri za tochi una MnO₂; Mn ni manganisi. Niandikie jina lake kwenye barua ijayo, pamoja na hesabu yake.

Mama yako