Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyechagua Preludi ya 1

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia umejiunga na hiyo chalenji ya gita la klasiki la Brazili, ambayo kila mwisho wa wiki mnarekodi kipande na kusikilizana. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi waliotokea kwenye gita la kwaya, kama wewe, watakwama palepale.

Umesema utaanza na Preludi ya 1, kipande kifupi cha gita cha Villa-Lobos, mtunzi mkubwa wa Brazili. Nilijua tu! Ni ya taratibu, ina huzuni tamu, na mtu akiisikia anadhani ataimaliza kabla ya mwezi kuisha. Kumbe melodi yote ya mwanzo iko kwenye nyuzi nene, inapigwa kwa gumba, na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinajibu kwenye nyuzi nyembamba juu yake. Gumba lazima liimbe, vidole vingine vinong'one. Wewe miaka yote gumba lako limekuwa la kugonga besi tu. Utazipata noti zote, halafu kwenye rekodi tutasikia kodi zimeifunika melodi.

Mimi ningekushauri uanze na João Pernambuco. Huyu alizaliwa mwaka 1883 kule jimbo la Pernambuco, akafanya kazi ya uhunzi, kisha akahamia Rio de Janeiro na kuwa mmoja wa wapiga gita walioheshimiwa kwenye choro, muziki wa mitaani wa mji ule. Villa-Lobos mwenyewe, kabla hajawa mtu mkubwa, alipitia kwenye vikundi hivyohivyo vya choro. Sasa kwa nini wewe uingilie dirishani?

Chukua kipande chake "Sons de Carrilhões". Uzi wa sita unaushusha kutoka E hadi D, na hapo gita linapata kifua. (Ukishaushusha, kagua na nyuzi nyingine, maana huwa zinahama kidogo.) Besi inatembea kwa hesabu ya mbili, moja-mbili, moja-mbili, haina papara. Juu yake melodi inachelewa hapa na kuwahi pale. Utamu wote uko kwenye huko kupishana, na ndiko vidole vinakogombana. Gumba likiifuata melodi, dansi imekufa.

Hapo ndipo kikundi kinapokuwa na maana. Mtafute mmoja mgawane kazi: wewe piga besi peke yake, yeye apige melodi, kisha mbadilishane. Pigeni polepole mpaka iwachoshe. Ukiweza kupiga besi huku unaimba melodi kwa mdomo, sasa ruhusu mkono mmoja ufanye yote. Na usiogope kutuma vipimo vinane tu (vile visehemu vya hesabu vinavyotengwa kwa mistari kwenye noti) wiki nzima. Najua kuna wenzako watakaotuma kipande kizima tangu wiki ya kwanza. Waache. Chalenji za namna hii zina ugonjwa wa kuwageuza watu wakimbiaji, na mimi sioni faida ya kumaliza wa kwanza wimbo ambao hauchezeki.

Msikilize pia mpiga gita wa Brazili, Dilermando Reis, akiipiga "Sons de Carrilhões". Usimwige mwendo, sikiliza jinsi besi yake isivyotetereka hata melodi inapojivuta.

Kama mkono wa kulia una njaa ya kazi zaidi, kuna Etyudi ya 1, yaani kipande cha mazoezi, katika zile 12 ambazo Villa-Lobos alimtungia Segovia, mpiga gita mashuhuri wa Hispania. Mpangilio wa vidole vya kulia ni uleule karibu mwanzo hadi mwisho, na kila kipimo kinarudiwa, kwa hiyo akili inabaki na mkono wa kushoto. Piga dakika chache asubuhi, uiache.

Preludi haijakimbia. Ziko tano, za mwaka 1940, na zitakusubiri. Nitumie kwanza hiyo besi, bila melodi, hata kama uzi unavuma. Na kucha ya gumba usiikate.

Mjomba wako